Kuleni, Wajukuu Zangu

Nawaandikia ninyi, wajukuu zangu wa Kemambo, mlioko nyumbani na mlioko mabwenini Tarime, Mugumu na Musoma. Leo nina neno na wachache kati yenu, na wenyewe mnajijua. Ni ninyi ambao mtoto akikohoa vibaya wakati wa chakula mnainuka na kutoka nje. Ni ninyi mnaonusa maziwa hata kabla hayajamiminwa kikombeni. Mkipanda gari la Nyamongo mnagombania dirisha, kifuko kimekunjwa mfukoni, kisha abiria wa nyuma akisema tumbo linamsumbua, safari nzima inakuwa mateso. Mnaogopa kutapika. Mnakuogopa kuliko malaria, na hamjamwambia mtu.

Mimi nimekuwa muuguzi mpaka nikastaafu. Nimeshika mabeseni ya wagonjwa mchana na usiku, nimewaona watu wakitapika kwa malaria, kwa mimba, kwa pombe na kwa chakula kibovu. Katika kazi hiyo nimekutana pia na vijana waliokuwa wanakonda bila ugonjwa wowote tumboni. Kilichowakondesha ni kuogopa kula. Kwa hiyo ninachowaambia nimekiona, na neno langu kuu ni hili: kujihadhari na chakula kuna hatua zake na kuna mwisho, lakini hofu haina mwisho. Fanya hatua zote za kujihadhari. Zikiisha, kaa ule.

Wataalamu huiita shida hii fobia, yaani hofu iliyopita kiasi cha hatari yenyewe. Mara nyingi huanza utotoni. Mtoto alitapika mbele ya darasa akachekwa, au alimwona mzazi akiugua vibaya, au hakuna tukio lolote linalokumbukwa. Baadaye hofu inatafuta pa kujishikiza, na mahali pa karibu ni chakula.

Niliwahi kumwangalia binti mmoja kwenye matanga. Alipewa sahani ya wali na nyama. Akaufukua wali kwa kijiko mpaka chini, akaigeuza nyama kutazama kama ina wekundu, akainusa. Akamuuliza jirani yake imepikwa saa ngapi. Akajibiwa. Akamuuliza mwingine swali lilelile. Mwisho akaifunika sahani, akaisukuma chini ya benchi, akalala na njaa. Waliokuwa karibu wakasema anaringa. Wengine wakanong'ona kwamba ana mimba, maana kwetu msichana akisema anasikia kichefuchefu hukumu imeshatoka. Hakuna aliyemuuliza anaogopa nini.

Na ninyi wavulana, kwenu ni kugumu zaidi kusema. Sisi Wakurya tumewalea kwa kuwaambia kwamba mura, yaani kijana wa kiume, hapepesi jicho mbele ya kisu cha tohara. Kijana aliyesimama pale bila kutikisika atamwambia nani kwamba anaogopa kutapika? Anaona bora aseme ana vidonda vya tumbo. Anapima taifodi leo kwenye maabara hii, kesho kutwa kwenye ile, anameza dawa ambazo hazihitaji, na hofu imebaki palepale. Mficha maradhi kilio kitamfichua. Anayemwambia bibi yake au mganga wa zahanati ukweli ulivyo, huyo ndiye mwenye ujasiri.

Sitawadanganya kwamba hofu yenu imetoka hewani. Sisi watu wa huku tumeona mambo. Mei 2009 maji machafu kutoka eneo la mgodi wa North Mara yalivuja yakaingia Mto Tigithe, na tangu hapo watu wengi wa Nyamongo hawanywi maji ya mto kwa moyo mweupe. Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kikasambaa mikoani mpaka kwetu Mara. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa huko chini upande wa Kirumi. Kamati ya Profesa Samwel Manyele ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na wananchi wengi hawakuridhika na jibu hilo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sishangai mnaposhtuka.

Ila kuna kisa kingine, cha zamani kuliko hivyo vyote, nacho kinafundisha zaidi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika vijiji vya wilaya ya Tarime ya enzi zile, watu walianza kukakamaa miguu ghafla, wengi wao wanawake na watoto. Mtu alilala mzima, akaamka hawezi kutembea sawasawa, na miguu haikurudi kuwa kama zamani. Ugonjwa huo huitwa konzo. Daktari William Howlett na wenzake, akiwemo Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, waliuchunguza wakachapisha matokeo mwaka 1990. Chanzo kilikuwa muhogo mchungu. Muhogo huo una sumu ya sianidi, na mama zetu walijua tangu zamani namna ya kuitoa: unamenya, unavundika au unaloweka kwa siku kadhaa, unaanika mpaka ukauke kabisa, ndipo unatwanga. Njaa ilipobana, kazi hiyo ilikatizwa njiani. Watu walikula muhogo ambao sumu yake haijatoka, tena bila kitoweo cha maana cha kuusaidia mwili.

Wajukuu, tazameni mama zetu walivyoishi na muhogo huo kabla ya ukame na baada yake. Walijua una sumu. Hawakuukataa maisha yao yote, wala hawakuula ovyo. Walifanya kazi inayotakiwa, na ulipokauka wakatwanga, wakasonga ugali, wakala na watoto wao. Hakuna aliyeamka usiku kuuchungulia unga. Kazi ilikuwa imekwisha.

Basi na ninyi zijueni hatua za kujihadhari, maana si nyingi. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika, kabla ya kula na baada ya choo, mara moja, kwa kutulia. Nyama mbichi na samaki wabichi visikae pamoja na chakula kilichoiva, na kisu cha nyama mbichi kioshwe kabla hakijakata kachumbari. Pika mpaka kiive hadi ndani. Nyama na kuku visibaki na wekundu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Maziwa yachemshwe, hata kama babu anasema ya moja kwa moja kutoka kwa ng'ombe ndiyo matamu, kwa sababu homa ya kutupa mimba ya mifugo huwapata na watu. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zitupwe: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Kuhusu kiporo, sikilizeni vizuri, maana hapa wanaojiona hodari na wenye hofu wote hukosea. Chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa mbili hivi bila kuliwa au kupozwa. Wali uliolala jikoni usiku kucha kwenye joto huota vijidudu vinavyoacha sumu, na sumu hiyo haivunjiki hata ukiupasha mpaka utoe moshi. Asiye na friji apike cha kumaliza. Lakini chakula kilichohifadhiwa kwenye baridi na kupashwa mpaka kikachemka ni chakula kama kingine. Kuleni.

Hatua zimekwisha hapo. Ukizifanya umepunguza hatari kwa sehemu kubwa. Haijaisha kabisa, na hakuna binadamu aliyeimaliza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 duniani huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula, na nchi tajiri zenye majokofu na wakaguzi zimo katika hesabu hiyo. Anayetaka kuhakikishiwa kwamba hatatapika tena maishani anataka kitu ambacho hata mfalme hawezi kununua.

Hapo ndipo hofu inapowanasa. Mnaijua mikopo ya kausha damu inavyowamaliza akina mama sokoni: unapewa kidogo leo unapumua, kesho unadaiwa zaidi, unakopa tena kulipa. Hofu inakopesha vivyo hivyo. Leo umekataa mayai, ukapata ahueni jioni nzima. Wiki ijayo inataka uache samaki. Halafu maziwa, halafu chakula chochote kisichopikwa na mama, halafu harusi, halafu gari, halafu mtoto mchanga usimbebe kwa kuwa anacheua. Kila ukilipa, deni linakua. Nimewaona waliobakiwa na uji na biskuti za paketi. Nimewaona wasichana waliosema hawataolewa, kwa sababu tu wamesikia wajawazito hutapika asubuhi.

Sasa niwaambie jambo ambalo darasani hamkuambiwa. Kutapika kwenyewe ni kazi ya ulinzi. Chini ya ubongo kuna sehemu inayopokea taarifa kutoka tumboni, kwenye damu na masikioni, ndiyo maana hata gari likiyumba unachefuka. Sehemu hiyo ikiamua, mate hujaa mdomoni kulinda meno na tindikali. Njia ya hewa hufungwa ili kitu kisiingie kwenye mapafu. Misuli ya tumbo na ile inayotenganisha tumbo na kifua hubana kwa pamoja, na kilichomo kinatoka. Mara nyingi tukio lenyewe ni fupi, na wengi husikia nafuu likipita. Linachosha, linanuka, linatia aibu. Mwili unajua kazi yake, hata wa mtoto mchanga.

Na kile kichefuchefu chenu cha kila siku mara nyingi kinaletwa na hofu yenyewe. Mtu akiogopa mwili humwaga adrenalini, damu inaelekezwa kwenye misuli, tumbo linapunguza kazi. Unasikia limejaa, koo limebana, jasho jembamba linatoka. Wewe unasema, “Nimeshakula sumu.” Kwa kusema hivyo unaogopa zaidi, na tumbo linachafuka zaidi. Mzunguko huo unaweza kukuchukua usiku kucha, alfajiri ukajikuta hukutapika hata mate. Ukumbuke usiku wa namna hiyo siku nyingine ukija.

Je, inatibika? Inatibika, na njia yake imejulikana muda mrefu. Mwaka 1924 huko Marekani mwanasaikolojia Mary Cover Jones alimtibu mtoto mdogo aliyeogopa sungura. Alimpa chakula anachokipenda, na sungura akawekwa mbali ndani ya kizimba. Siku hadi siku sungura akasogezwa, mpaka mtoto akamshika kwa mkono wake. Miaka ya 1950 Joseph Wolpe, daktari wa Johannesburg, aliiendeleza njia hiyo akaitumia kwa watu wazima. Siri yake ni moja: unakikaribia unachokiogopa kidogo kidogo, unakaa nacho bila kukimbia, mpaka hofu ichoke yenyewe.

Huku kwetu ngazi yake inaweza kuanza hivi. Kwanza, taja neno lenyewe. Wengi wenu mnasema “ile kitu”. Semeni kutapika, liandikeni, lisomeni kwa sauti mpaka liwe neno kama mengine. Kisha tazameni picha, msikilize sauti yake kwenye simu, muigize. Baadaye ingieni jikoni mkate nyama mbichi kwa mikono yenu, mnawe mara moja, mpike, mle mlichopika. Ikifika zamu ya kula nje, nendeni kwa mama ntilie ambaye sufuria yake inatokota, mwagize kama watu wengine, mle bila kuuliza kimepikwa lini. Ikiwa mwanzo ni nusu sahani, iwe nusu sahani. Kwenye gari kaeni katikati, mbali na dirisha, kifuko mkiache nyumbani. Mwisho kabisa, ndugu akiugua, msaidieni: mshikieni beseni, mfuteni uso, mwageni, mnawe kwa sabuni.

Kanuni ni tatu. Usipande hatua ya pili mpaka ya kwanza ikuchoshe kwa kuzoeleka. Usiondoke hofu ikiwa kileleni, ngoja ianze kushuka ukiwa palepale. Itashuka, haiwezi kubaki juu siku nzima. Na usijilazimishe kutapika ili ujipime. Hilo si dawa, na linaweza kukuletea maradhi mengine.

Yapo pia ya kuacha. Acheni kuulizauliza, swali moja lina faida, la pili ni la hofu. Acheni kunusa chakula ambacho mmekiona kikitoka motoni. Acheni kumeza vidonge vya kuzuia kutapika kila mnaposafiri bila kuandikiwa. Acheni kushinda njaa siku ya mtihani mkidhani tumbo tupu ni salama. Tumbo tupu nalo huchefua. Na msikatae dawa ya ugonjwa kwa kuogopa kuitapika. Dawa mseto ya malaria imezwe na chakula chenye mafuta kidogo, na dawa ya kichocho inayotolewa shuleni imezwe baada ya kula. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudi kwa aliyekupa akuelekeze. Malaria iliyoachwa bila tiba inaua.

Ili msichanganye hofu na ugonjwa, shikeni dalili za kukimbilia kituo cha afya: matapishi yenye damu au ya kijani, kuharisha maji meupe kama ya mchele, kutapika kila unachokunywa, kukojoa kidogo sana au kutokojoa, kizunguzungu, macho kuingia ndani, homa kali na shingo kukakamaa, mtoto kukataa kunyonya. Hapo hakuna kusubiri. Njiani anywe maji yenye chumvichumvi za paketi. Zikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu ya kijiko kidogo, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo. Kama hakuna hata moja kati ya dalili hizo, na tumbo limechafuka baada ya mtu kukuambia habari ya sumu, tulia nyumbani.

Ikiwa mnapungua uzito, hamwendi shule, au mawazo haya hayawapi usingizi, ngazi hii msiipande peke yenu. Nendeni zahanati mseme maneno haya bila kuzunguka: “Naogopa kutapika mpaka sili.” Ombeni rufaa ya afya ya akili. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ina idara ya magonjwa ya akili. Ile ya Mirembe, Dodoma, inapokea wagonjwa tangu 1927, na si kweli kwamba anayefika huko lazima awe ameokota makopo. Tiba ya mazungumzo inayobadili fikra na mazoea ipo. Wengine husaidiwa pia na dawa, kwa uamuzi wa daktari.

Nanyi wazazi mnaosoma kwa pembeni, msimcheke mtoto huyu, wala msimlazimishe kumaliza sahani kwa fimbo. Msikimbilie kusema amelogwa. Lakini pia msimpikie chungu chake peke yake mwaka mzima, maana mtakuwa mnalipa deni kwa niaba yake. Akiuliza kama nyama imeiva, mjibuni mara moja kwa upole: “Imeiva.” Akiuliza mara ya pili, mwambieni, “Nimeshakujibu, mwanangu. Karibu tule.” Kisha endeleeni kula mbele yake na mazungumzo ya kawaida. Akipanda hatua moja, hata kama kwenu ni ndogo, mpongezeni.

Wajukuu zangu, kwetu ndugu hupatana kwa sahani moja. Posa hujadiliwa watu wakila, ugomvi wa mipaka husuluhishwa watu wakila, marehemu husindikizwa watu wakila. Anayekosa sahani hiyo miaka na miaka anakosa watu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kukonda kwenu. Kwa hiyo wiki hii kila mmoja achague hatua moja tu ya ngazi, ile ya chini kabisa, amwambie mtu mmoja anayemwamini, aianze. Ukishindwa leo, rudia kesho hatua hiyohiyo. Siku moja kati ya hizo huenda ukatapika kweli, kwa malaria au kwa samaki. Utasukutua mdomo, utakunywa maji yako ya chumvi na sukari, utapumzika, na tumbo likitulia utakula tena. Mungu awape hamu ya chakula na watu wa kula nao.